Nani Humbeba Mwadilifu? Funzo la Kisima cha Nuu

Safari hii kalamu yangu haikutia nanga Lamu wala Pemba. Imepanda bara hadi Nuu, katika kaunti ya Kitui, mahali ambapo bahari ni hadithi na maji ya kunywa ni kazi ya kutwa. Nilikwenda huko kuhani. Jirani yangu wa Majengo, hapa Mombasa, alifiwa na mkwewe, na mila yetu hairuhusu mtu aachwe kwenda msibani peke yake. Tukapitia Kibwezi, Mutomo na Kitui, tukalala Mwingi, na asubuhi yake tukaishika njia ya Nuu.

Nilidhani nitarudi na salamu za msiba tu. Nimerudi na jambo jingine ambalo halikunipa usingizi, na ndilo ninalowaletea leo.

Siku ya pili baada ya maziko palikuwa na mkutano wa kamati ya maji. Mwenyeji wetu, ambaye ni mjumbe wa kamati hiyo, alinambia, "Mzee, ukikaa nyumbani peke yako utachoka. Njoo ukae nasi kivulini." Nikachukua kofia yangu nikamfuata. Watu walikuwa wamekaa chini ya mti, wanaume upande huu na wanawake upande ule, na katikati pana meza ndogo na daftari. Mazungumzo yalikuwa kwa Kikamba, na mwenyeji wangu akinitafsiria sikioni.

Wana kisima kirefu chenye pampu ya umeme wa jua. Kila mtungi wa lita 20 hulipiwa shilingi 5, na fedha hizo huwekwa kwa ajili ya matengenezo. Mweka hazina ni mama mmoja mjane. Sitamtaja jina, kwani sikumwomba ruhusa. Alisimama, akafungua daftari, akasoma yaliyoingia na yaliyotoka kwa miezi mitatu. Alipofika mwisho alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hapa pana shilingi 4,600 ambazo siwezi kuzieleza. Nyingine nilimlipa fundi wa bomba na sikuchukua risiti. Nyingine sijui zimekwendaje. Sikuzila, lakini zilikuwa mkononi mwangu."

Akauweka ufunguo wa kisima juu ya meza. Akasema nyuma ya mti amefunga mbuzi wake, wamchukue wamuuze, na wachague mtu mwingine.

Nilitazamia kelele. Nimehudhuria mikutano mingi katika maisha yangu ya uandishi, na najua fedha zikipotea watu huwaje. Lakini pale palikuwa kimya. Kisha mzee mmoja akasimama, akaegemea mkongojo wake, akauliza, "Nani kati yetu aliyejua kwamba fedha hizi zimepungua?" Hakuna aliyejibu. Akasema, "Basi kama yeye angenyamaza, sisi sote tungelala. Mbuzi tutamchukua, kwa kuwa deni ni deni. Lakini ufunguo huu nitamrudishia mimi mwenyewe." Na akamrudishia.

Hayakuishia hapo. Mama mmoja wa makamo aliinuka akasema kuwa mwethya wa juma lijalo uanzie kwenye shamba la yule mjane, kwa kuwa matuta yake yamebomoka na mvua iko karibu. Mwethya, kwa asiyejua, ni ule umoja wa Wakamba wa kufanya kazi kwa pamoja, leo kwako, kesho kwangu. Wote wakaitikia. Mkutano ukaendelea na habari za bomba.

Msomaji mpenzi, hebu litazame vizuri jambo hili. Yule mama alilipa. Hakusamehewa deni kwa machozi. Lakini hakuachwa kulipia ukweli wake peke yake. Jamaa zake walichukua mbuzi kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili wakamrudishia heshima, kazi na shamba lililolimwa.

Sisi watu wa pwani tumelelewa na neno amana tangu chuoni, mkononi ubao, mbele yetu mwalimu na bakora yake. Tumefundishwa kwamba aya ya 58 ya Suratun-Nisaa yaamrisha amana zirudishwe kwa wenyewe. Tumefundishwa habari ya Abu Dharr, swahaba mkubwa, aliyeomba kupewa uongozi, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akamwambia kwamba yeye ni dhaifu, na kwamba jambo hilo ni amana, na Siku ya Kiyama ni izara na majuto isipokuwa kwa aliyeichukua kwa haki yake. Abu Dharr hakuwa mwizi. Alikuwa mcha Mungu. Hata hivyo aliambiwa kuwa mzigo ule si wa kila bega.

Tena yako maneno aliyoambiwa Ibn al-Lutbiyya. Huyu alitumwa kukusanya zaka, akarudi akasema hizi ni zenu, na hizi nimezawadiwa mimi. Mtume akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu huyo asingekaa nyumbani kwa baba yake au mama yake, tuone kama zawadi hizo zingemfuata huko.

Hadithi hii naijua tangu utotoni, na ndiyo inayoniuma. Katika miaka ya tisini, nikiwa mwandishi kijana, nilitumwa kuandika habari za harambee moja. Kulikuwa na maswali juu ya fedha za shule fulani, na mimi nilikuwa nimekwisha yauliza nusu. Jioni nikapewa bahasha. Nikaambiwa ni nauli. Niliipokea, nikapanda gari, na ile nusu ya pili ya maswali sikuiuliza mpaka leo. Nikijiuliza kama bahasha ile ingenifuata nyumbani kwa mama yangu, jibu nalijua. Basi nilipokuwa chini ya ule mti wa Nuu, nikimtazama mjane akileta mbuzi kwa sababu ya fedha ambazo hakuna aliyemdai, nilitazama chini.

Sasa tuwatazame wakubwa, na tuanze na karani mdogo.

Miaka ya mwanzo ya tisini nchi yetu ya Kenya ilipatwa na kashfa iliyoitwa Goldenberg. Kampuni moja ililipwa na serikali mabilioni ya shilingi kuwa ni fidia ya kuuza dhahabu na almasi ng'ambo, na hali almasi nchini mwetu hakuna, na dhahabu ni kidogo mno. Makaratasi ya malipo hayo yalipita Benki Kuu, na mle ndani palikuwa na karani kijana jina lake David Munyakei. Aliona hesabu zisizoingia akilini. Angeweza kugonga mihuri yake, apokee mshahara, aende zake. Yeye alizitoa habari zile, zikawafikia wabunge wa upinzani, na nchi nzima ikajua.

Alilipwa nini? Mwaka 1993 alikamatwa akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali. Mashtaka yakaondolewa, lakini kazi alikwisha kuipoteza. Akakimbilia wapi? Akaja hapa kwetu, Mombasa. Akaishi nasi, akaoa hapa. Baadaye, ilipoundwa tume ya Jaji Bosire mwaka 2003 kuchunguza kashfa ile, alikwenda kutoa ushahidi wake. Watu wa kupinga ufisadi walimsifu wakamtunukia. Lakini kazi yake hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006, hali yake ikiwa ya ufukara.

Basi nahesabu. Katika miaka ile niliyokuwa napokea bahasha ya nauli, mtu huyu alikuwa katika mji huu huu. Yawezekana tulipishana Mwembe Tayari, yawezekana tulikunywa kahawa kwa muuzaji mmoja. Mimi nilikuwa na kazi na yeye hana. Hakuna kamati iliyosimama ikasema mwethya uanzie kwake.

Na si yeye peke yake. Mwaka 2003 serikali mpya ilimteua John Githongo kuwa katibu wa utawala bora na maadili katika Ofisi ya Rais. Alipoanza kufuatilia mikataba ya Anglo Leasing, ambamo fedha zililipwa kwa kampuni zisizo na miguu wala kichwa, aliona nyayo zinaelekea kwa wale aliokaa nao meza moja. Mwaka 2005 alijiuzulu akiwa ng'ambo, na akaishi uhamishoni kwa miaka kadhaa. Nchi ilimwajiri mtu aseme kweli, na alipoisema, hakukalika.

Lakini nisije nikaonekana nasema kila mwadilifu huangamia. Tuvuke mpaka tuende kwa ndugu zetu wa Tanzania.

Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vilikamata watu katika msako wa wauaji wa vikongwe. Baadhi ya waliokamatwa waliteswa, na wengine wakafa mikononi mwa walinzi wao. Waziri wa Mambo ya Ndani wakati huo alikuwa Ali Hassan Mwinyi, mtu aliyekulia Unguja na kusoma chuo kama sisi. Hakumpiga mtu. Hakuwako. Lakini wizara ilikuwa yake, na Januari 1977 aliandika barua akajiuzulu. Alisema kama yule mama wa Nuu, ingawa si kwa maneno yale: sikuzila, lakini zilikuwa mkononi mwangu.

Je, alizikwa hapo? La. Alipelekwa ubalozi nchini Misri. Akarudi akawa waziri tena. Mwaka 1984, Aboud Jumbe alipoondoka, Mwinyi akawa Rais wa Zanzibar, na mwaka 1985 akampokea Mwalimu Nyerere Urais wa Jamhuri ya Muungano. Alipofariki tarehe 29 Februari 2024, akiwa na umri wa miaka 98, barua ile ya 1977 ilitajwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ilipoandikwa.

Insafu yanitaka niseme na upande wa pili. Katika utawala wake, mwaka 1991, chama kilikaa Zanzibar kikailegeza ile miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha la 1967, iliyomkataza kiongozi kuwa na hisa katika kampuni, kupokea mishahara miwili au kupangisha nyumba. Wengi walinung'unika kwamba tangu hapo cheo kiligeuka duka. Mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Sisemi basi kuwa Mwinyi alikuwa malaika. Nasema kwamba alipojiuzulu, wenzake hawakumtupa, na kwa hivyo kila kiongozi wa baadaye alijua kwamba mlango ule upo na mtu aweza kuupita akabaki na uso wake.

Nasi Wakenya tunayo sheria nzuri kuliko majirani wengi. Sura ya Sita ya Katiba ya 2010, kuanzia kifungu cha 73 hadi cha 80, haizungumzi jambo jingine ila uongozi na uadilifu. Inasema mamlaka ya mtumishi wa dola ni amana ya umma, na kwamba kazi yake ni kuwatumikia watu, si kuwatawala. Kifungu cha 76 chasema zawadi anayopewa kiongozi katika shughuli ya umma ni mali ya Jamhuri, naye aikabidhi, isipokuwa pale sheria iliporuhusu. Niliposoma kifungu hicho mara ya kwanza nilicheka peke yangu, nikasema, lahaula, hii si habari ya Ibn al-Lutbiyya?

Lakini katiba hiyo hiyo, katika kifungu cha 99, inasema mgombea ubunge hazuiliwi kwa hukumu mpaka njia zote za rufaa ziwe zimekwisha. Kwa upande wa haki ni jambo la maana, maana mtu asihukumiwe kwa uvumi. Kwa upande wa maadili, ndipo wajanja walipopata upenyo. Mtu huja jukwaani akasema, mimi sijafungwa. Watu wakapiga makofi, kana kwamba kutofungwa ni sifa. Yule mama wa Nuu naye hakufungwa, wala hakushtakiwa, wala hakushukiwa. Kipimo chake hakikuwa mahakama. Kilikuwa daftari na macho ya jirani zake.

Mababu zetu walikijua kipimo hicho. Zamani za misafara, Wakamba waliteremsha pembe za ndovu hadi Mombasa, na habari za mfanyabiashara wao Kivoi wa Kitui, aliyetembelewa na mmisionari Krapf mwaka 1849, zimeandikwa vitabuni. Huku pwani palikuwa na mtindo wa mali kauli, yaani mtu kupewa bidhaa kwa neno lake tu, aende nazo bara, arudi alipe. Wapo waliodhulumu, na siwapambi. Lakini biashara ilisimama kwa sababu mtu aliyekhini alijua kuna mji unaomngoja, na mtu aliyepatwa na ajali njiani akarudi mikono mitupu na habari ya kweli, alijua kuna watu wa kumsimamia. Vyote viwili vilihitajika. Kama mji huwangoja wezi tu, na haumsimamii mkweli, basi hata mkweli atajifunza kusema uongo.

Na huo ndio ugonjwa wetu. Twalia kila siku kuwa viongozi waadilifu hawapo. Lakini mtazame mwadilifu anapojitokeza. Karani akikataa hongo, ofisi nzima humwita mshari, na mkewe huulizwa na mashoga zake kwa nini wenzake wamejenga na yeye bado anapanga. Mwakilishi wa wadi asiyegawa fedha matangani huambiwa ni bahili, na uchaguzi ukija huanguka. Yule mwenye gari kubwa, ambaye hatujui alichuma wapi, twampa kiti cha mbele, hata msikitini. Kisha twashangaa vijana wetu wanamfuata nani.

Tusitazame Nairobi tu. Tunazo kamati za misikiti, tunazo madrasa, tunazo nyumba za wakfu zilizoachwa na watu waliotaraji thawabu. Ni mara ngapi mweka hazina amesoma hesabu mbele ya maamuma mpaka senti ya mwisho? Na akitokea mmoja akasema hapa pana upungufu nami siwezi kuueleza, tutampokeaje? Tutachukua mbuzi tu, au na ufunguo tutamrudishia?

Siku ya kuondoka Nuu nilipita kisimani. Yule mama alikuwa kazini, ufunguo umening'inia shingoni kwa uzi, foleni ya mitungi imepinda hadi barabarani. Nikamsalimu, nikamwambia kwa Kiswahili, "Mama, nilikuwako mkutanoni. Mungu akubariki." Akacheka kidogo. Akanambia, "Mzee, siku hizi naandika hata shilingi moja." Akanionyesha daftari. Kando yake alikuwa amekaa kijana wa shule, naye ameshika daftari la pili, anaandika yale yale. Nikauliza huyu ni nani. Akasema, "Kamati imenipa msaidizi. Wameona mzigo ni mkubwa kwa mtu mmoja."

Sikuwa na la kuongeza. Niliporudi Mombasa niliwatafuta wale waliokuwa wakisimamia shule ile ya miaka ya tisini. Wengi wamekwisha kufa. Mmoja yu hai. Nilimweleza habari ya bahasha na maswali niliyoyaacha. Alinisikiliza, akasema, "Sheikh, miaka thelathini hii, ndiyo waja leo?" Nikamwambia ndiyo, nakuja leo. Nami nayaandika haya gazetini nikiwa nimeuweka ufunguo wangu mezani. Hukumu nawaachia wasomaji.

Na kwa kuwa wengi wenu mwanijua kwa mashairi, nisiondoke bila ubeti mmoja:

Cheo ukikabidhiwa, kumbuka si mali yako,
Ni amana umepewa, iliyo shingoni mwako,
Siku utayoitiwa, utajibu peke yako,
Nasi tulio wenzako, mwadilifu tumbebe.